Viatu vyeusi vya kisigino cha sentimita 4.5 kwa mwanamke anayehudumu madhabahuni: uzoefu wangu

Ninachokipitia hapa ni kiatu cheusi cha ngozi kinachofunika vidole, ncha yake imechongoka kidogo kama lozi, kisigino kinene cha sentimita 4.5, bitana ya ngozi, soli ya raba. Hakina kamba wala bizimu. Nimekivaa miezi 14 kwenye ibada, mazishi, harusi, wodi za hospitali na vikao visivyoisha. Nakipa nyota 4 kati ya 5. Nyota ya tano imeliwa na vile vipande vidogo vya chini ya kisigino, ambavyo ni laini mno na huisha mapema.

Kimo cha kisigino ndicho cha kuamua kwanza, kabla ya rangi na kabla ya urembo, kwa sababu ya joho. Pindo la joho au kanzu hupimwa kutoka sakafuni, na umbali huo unategemea umevaa nini miguuni. Siku ya kupimwa na fundi cherehani, nenda na viatu utakavyohudumu navyo. Pindo la mbele likiishia sentimita 4 au 5 kutoka sakafuni, unatembea bila wasiwasi. Sasa chukua joho lililopimwa ukiwa na mchuchumio wa sentimita 8, kisha Jumapili moja uvae flati kwa sababu miguu imechoka: pindo linashuka karibu sentimita 7 na linafagia sakafu. Kinyume chake, joho lililopimwa kwa flati ukilivalia mchuchumio linapanda hadi kwenye muundi na kuonekana la kuazima.

Ukiacha sura, kuna usalama. Mahali pa kuangukia ni ngazi za madhabahu. Unapoinua goti kupanda, kitambaa cha mbele kinalegea na kushuka mbele ya ncha ya kiatu. Unakikanyaga, na hatua ya pili inakuvuta kifudifudi. Mtu wa gauni la kawaida angeinua pindo kwa mkono, lakini mikono yako imeshika kikombe, Biblia au mtoto wa kubatizwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuchagua kimo kimoja cha kisigino na kubaki nacho katika kila jozi unayohudumu nayo, tofauti isizidi sentimita 1.

Kwa nini 4.5 na si 7? Kisigino kinavyopanda, ndivyo uzito wa mwili unavyohamia mbele, kwenye unyayo wa nyuma ya vidole. Kusimama saa mbili mimbarini au kugawa ushirika kwa msururu mrefu si sawa na kutembea. Ukitembea, mguu mmoja hupumzika mwingine unapofanya kazi. Ukisimama tu, sehemu ileile inabeba muda wote, na moto unaanzia hapo. Flati yenye soli nyembamba kama kadibodi nayo haina nafuu, hasa juu ya vigae au marumaru, maana hakuna kitu kinachopunguza mshindo.

Unene wa kisigino nao ni hesabu. Kisigino hiki kina sentimita 3.5 kwa 3.5 chini, yaani zaidi ya sentimita 12 za mraba. Kisigino chembamba kina kama sentimita 1 ya mraba. Uzito ni uleule, lakini kile chembamba kinaugandamiza wote kwenye tundu moja, ndiyo maana makaburini kinazama kwenye udongo uliofukuliwa kama vigingi vya hema. Hiki changu kinasimama juu ya nyasi na udongo wa kawaida. Kwenye tope halisi hakuna kisigino kitakachokuokoa: vaa buti safi nyeusi zenye soli ya meno, hakuna atakayekushangaa.

Kupiga magoti ni jaribio ambalo wauza viatu hawalijui. Dukani usiishie kutembea mbele ya kioo. Piga goti moja, kisha yote mawili, halafu inuka bila kushika kitu. Angalia mambo mawili. La kwanza, kiatu kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Kishike mikononi ukikunje: kikikunjika katikati kama daftari, hakina ule ubao mgumu wa ndani unaobeba upinde wa mguu, au kina dhaifu, na baada ya saa moja ya kusimama utaujua ukosefu wake. La pili, kisigino cha mguu kisichomoke. Kiatu kisicho na kamba kikilegea nyuma, vidole vitakikamatia kwa ndani kila hatua ili kisidondoke, na ukirudi nyumbani umebana vidole siku nzima bila kujua.

Na maadamu tuko magotini: ukipiga magoti ukielekea madhabahu, kanisa lote linatazama chini ya soli zako. Bandua kibandiko cha bei. Soli za rangi kali pia ziache kwa shughuli nyingine, labda kama unataka mahubiri yako yashindane nazo.

Upande wa saizi, pima jioni, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na Jumapili ni siku ndefu. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa mara nyingi mmoja ni mkubwa, na ununue kwa kuufuata huo mkubwa. Mbele ya kidole kirefu zaidi (kwa wengine ni cha pili, si kidole gumba) pabaki kama sentimita 1. Kwa vipimo vya Ulaya, namba moja hadi nyingine ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7 hivi, kwa hiyo kuna watu ambao 38 inawabana na 39 inawavuka. Duka likikosa nusu namba, chukua kubwa na uweke kipande cha sponji nyuma au nusu soli ya ndani upande wa mbele. Kamwe usichukue kidogo kwa ahadi kwamba "vitalegea". Ngozi hulegea upande wa upana tu, urefu hauongezeki. Shuka ngazi au mteremko kabla ya kulipa: vidole vikigonga mbele, kirudishe rafuni.

Viatu hivi vilinibana kidogo upande wa kidole kidogo kwa wiki mbili za mwanzo. Kuvaa nyumbani na soksi nene, dakika 30 kila siku, kulitosha. Vingekuwa vya plastiki vingebaki vilevile, kwa kuwa plastiki hailegei kwa namna hiyo na haipitishi jasho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa kunguni ni bitana. Ingiza kidole mpaka ncha na upapase: mshono mmoja uliotokeza unatosha kukupa lengelenge.

Sauti. Jukwaa la mbao lililo wazi chini hulia kama ngoma, na maiki ya kifuani hubeba kila hatua hadi nje. Soli ya raba ndiyo dawa. Soli ya ngozi ni nzuri kwa macho lakini ikiwa mpya inateleza kwenye marumaru, na nta ya mishumaa iliyodondoka huifanya kuwa mbaya zaidi. Kama tayari unayo, fundi viatu anaweza kuikwaruza kwa msasa na kubandika karatasi nyembamba ya raba, milimita 1 au 2, nusu ya mbele. Kulia kwi-kwi ni ugonjwa mwingine: mara nyingi soli ya ndani imeachia gundi na inasugua. Inua ukingo wake, nyunyiza poda kidogo, rudisha. Ikiendelea, ibandikwe upya.

Vile vipande vya chini ya kisigino, ambavyo ndivyo vimenikera, vilianza kulika upande wa nje mwezi wa tano wa kuvivaa. Usisubiri viishe. Vikiisha, msumari wa ndani unagusa sakafu, unapiga kelele, unateleza, unachimba zulia, na baada ya hapo kisigino chenyewe kinaanza kuliwa na hakirekebishiki kwa urahisi. Omba raba ngumu zaidi ya ile ya kiwandani. Za pili bado zinadunda.

Sasa urembo, nao sioni haja ya kuuonea haya. Jukwaa likiwa na kimo cha mita 1, macho ya aliyeketi safu ya mbele yapo kama mita 1.2 kutoka sakafuni, yaani yanatazama viatu vyako karibu moja kwa moja. Ncha ya lozi hurefusha mguu kuliko ncha ya duara, na haibani vidole kama ncha kali. Mkato wa juu ukishuka kiasi, mguu unaonekana mrefu zaidi, mradi mianya ya vidole isionekane. Ukanda wa kwenye kifundo hukata mguu vipande viwili, hasa ukivaa sketi ya chini ya goti. Lakini kama kisigino cha mguu wako ni chembamba na kila kiatu kinachomoka, chukua ukanda unaopita juu ya unyayo na usahau habari ya urefu. Bizimu kubwa na mapambo ya vito niliyaacha kwa sababu moja tu: hunasa lesi ya pindo la kanzu. Ngozi ya kung'aa kama kioo hurudisha mwanga wa taa za kamera, kwa hiyo weusi wa kawaida uliopigwa brashi unatosha. Rangi ya mwili inapendeza na sketi, ila chini ya joho jeusi huonekana kama uko peku.

Havifai kila kazi. Kwa ubatizo wa kuzamisha, viache mbali na maji kabisa. Siku ya kutawadha miguu, Alhamisi Kuu, vinafaa kwa sababu vinavuliwa kwa mkono mmoja, ila usivae stokingi za kiunoni. Wodini vinapita vizuri: vimefunikwa, vinafutika kwa kitambaa chenye unyevu, havipigi kelele usiku.

Utunzaji ni mfupi. Usivivae siku mbili mfululizo, ngozi inahitaji kama saa 24 kukausha jasho. Vijaze karatasi, vikauke kivulini. Nta ikidondokea ngozi, iache igande, ing'oe kwa ukucha, kisha paka dawa ya viatu. Kwenye swedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini, nta huacha alama, ndiyo maana swedi na mishumaa sivichanganyi.

Ukinunua jozi ya pili ya akiba, uliza soli ni ya nini. Soli za poliyurethani (aina ya plastiki) huoza zenyewe kwa unyevu wa hewa hata zikiwa ndani ya boksi, na ile jozi "ya mazishi tu" inayotolewa kabatini baada ya miaka kadhaa inaweza kumeguka vipande katikati ya msafara. Raba ya kawaida hustahimili zaidi. Hata hivyo, bonyeza soli kwa kidole gumba usiku wa kuamkia shughuli. Ikiacha shimo au unga, vaa za kila siku.