Abunuwasi au Adili: kipi cha kurudia ukubwani?

Kati ya vitabu hivi viwili, utotoni mshindi alikuwa mmoja tu: Hekaya za Abunuwasi. Sufuria ambayo Abunuwasi ameiazima kwa jirani inazaa, jirani anapokea mtoto wa sufuria kwa furaha. Sufuria ikifa, hataki kusadiki! Nikikisoma leo bado nacheka, lakini ni kicheko kilekile cha zamani. Kilichoongezeka ni kujua kwamba Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, bingwa wa kuusifia mvinyo. Hilo mwalimu hakututajia.

Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert (1952), kilinichosha. Lugha nzito, nasaha nyingi. Nilirukaruka kurasa kuwatafuta manyani. Ukubwani kimenishika koo. Adili, liwali wa Janibu, anawachapa kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, kwa amri ya jini Huria. Zamani niliona wamestahili, majina yenyewe yanasema. Sasa, baada ya kugombania shamba la marehemu baba na kaka yangu, namtazama anayeshika kiboko. Tena katika Alfu Lela Ulela, kisa hiki kilikotokea, ndugu hao ni mbwa. Nyani ana vidole kama vyangu.

Nasaha bado zinanichosha, nakiri. Lakini kwa kusoma peke yangu, Adili. Mtoto akiwa pajani, Abunuwasi: visa vifupi, umeme ukikatika unaachia popote.