Dawa-ukoko ya Mafuta na ya Vifuko

Pirimifosi-methili, dawa-ukoko (yaani dawa ya kuua wadudu inayobaki ukutani) inayopuliziwa majumbani dhidi ya mbu wa malaria waliozoea dawa za pairethroidi, hutengenezwa kwa namna mbili zisizotofautiana kwa sumu yenyewe bali kwa jinsi inavyohifadhiwa. Ya kwanza ni ya mafuta yanayochanganywa na maji. Kwa kuwa haina kinga yoyote, hunywewa na ukuta na kuyeyukia hewani, na Shirika la Afya Duniani huipa miezi 2 hadi 3 tu ya kufanya kazi. Ya pili hufungiwa ndani ya vifuko visivyoonekana kwa macho, ambavyo husalia juu ya ukuta, humpata mbu anapotua, na kuachia sumu kidogo kidogo kwa miezi 4 hadi 6.

Vifuko ni ghali, na hata vyenyewe hudumu kwa muda mfupi zaidi kwenye ukuta wa udongo kuliko wa mbao. Hata hivyo ningechagua vifuko, kwani kila awamu ya upuliziaji huilazimu familia kutoa vyombo vyote nje, nayo mizunguko miwili kwa msimu mmoja huwachosha watu hadi wakafunga milango.