Makaburi ya Mwima, Nyanza: uzoefu wangu kutoka Bukavu

Kwa mkazi wa Bukavu, kuzuru kaburi la Mwami (mfalme) Mutara III Rudahigwa wa Rwanda si safari ya kuogopesha: unavuka mto Ruzizi ulio mpakani, unapita Kamembe, unakatisha msitu wa Nyungwe, ambako koti ni la lazima, kisha Huye na Nyanza. Wakala aliyeniuzia tiketi aliniahidi kufikishwa mlangoni. Gari liliniacha barabara kuu, nikamalizia kwa pikipiki.

Wageni wengi huishia kwenye makumbusho ya kifalme ya Rukari, nami siwalaumu. Nyumba kubwa ya nyasi inavutia, na ng'ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu ajabu na shanga zinazoning'inia kwenye paji la uso, hutulia kabisa mchungaji anapowaimbia. Hata hivyo, ninachokipendekeza zaidi ni kilima cha Mwima, kilicho karibu na hapo.

Anayetafuta fahari asiende. Amelala hapo Rudahigwa, aliyefariki ghafla Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, tarehe 25 Julai 1959. Yupo mkewe, Malkia Rosalie Gicanda, aliyeuawa Aprili 1994. Na yupo Kigeli V Ndahindurwa. Kaburi la huyu wa mwisho ndilo lililonishika zaidi. Rudahigwa hakuacha mtoto, na siku ya maziko yake, tarehe 28 Julai, watunza mila walimtangaza Ndahindurwa, ndugu yake wa baba mmoja, kuwa mrithi, papo hapo Mwima, mbele ya wakuu wa Kibelgiji ambao hawakuwa wameombwa ruhusa. Ufalme ulifutwa mwaka 1961, naye akaishi uhamishoni hadi alipofia Marekani Oktoba 2016. Januari 2017 akazikwa kwenye kilima kile kile alikotangazwa.

Historia hii inatuhusu kuliko tunavyodhani. Baba yao, Musinga, aliondolewa madarakani na Wabelgiji mwaka 1931 akapelekwa Kamembe, ng'ambo yetu tu, ambako Ndahindurwa alizaliwa. Baadaye Musinga alihamishiwa Moba, Kongo, akafia huko mwaka 1944. Sisi tuliokulia kwenye habari za bami, yaani watawala wa jadi, wa Kabare na Ngweshe huku kwetu tunazielewa upesi hizi fitina za urithi na wakoloni.

Ushauri wangu ni kuanza na Rukari asubuhi, kwa sababu maelezo ya huko ndiyo yanayoyapa makaburi uzito. Aliyetangulia Mwima bila kuyasikia ataona saruji tu, na atalalamikia nauli.