Rangi za Koti Moja kwa Jeshi la Waelfi: Uzoefu Wangu

Waelfi wangu 20 wa mikuki, pamoja na wapanda farasi 5, wote vijisanamu vya mchezo wa vita wa mezani, walikuwa wamekaa rafuni miezi kadhaa wakiwa na praima (rangi ya msingi) tu, na nilipochoka kuwatazama nikanunua seti ya chupa 12 za zile rangi ambazo watengenezaji huahidi kwamba koti moja, yaani mpako mmoja, linatosha kuleta rangi, kivuli na mng'ao kwa mpigo. (Jina la viumbe hawa wa hadithi, elf kwa Kiingereza, lina kero yake katika Kiswahili: ukisema una jeshi la elfu, msikilizaji anakuuliza elfu ngapi. Ndiyo maana naandika waelfi.) Rangi za namna hii zilipata umaarufu mwaka 2019, kampuni ya vijisanamu ya Games Workshop ilipotoa rangi zake za Contrast, na baadaye kampuni nyingine zikatoa za kwao. Seti yangu ilitoka kwa mojawapo ya hizo nyingine, ambayo sitaitaja, kwa sababu sehemu kubwa ya niliyoyaona ingempata yeyote anayewapaka waelfi kwa rangi za aina hii.

Akriliki ya kawaida hufunika kilicho chini yake. Hii haifuniki; ni kama wino mzito unaoteleza, ambao ukiupaka juu ya kijisanamu hukimbilia kwenye mikunjo na mifereji, ukaacha utando mwembamba tu kwenye sehemu zilizoinuka. Praima nyeupe au ya kijivu cheupe inaonekana kupitia utando huo, na jicho linaisoma tofauti hiyo kama mwanga na kivuli. Ni ujanja mzuri, lakini unategemea kwamba kijisanamu kina mikunjo na mifereji ya kutosha. Jitu la porini lenye misuli, manyoya na ngozi yenye makunyanzi lina mabonde kila mahali. Mwelfi amechongwa kinyume chake: joho refu lililonyooka hadi kwenye visigino, ngao pana isiyo na nakshi, chapeo ndefu iliyochongoka, na uso usiozidi punje ya mchele.

Nilianza na joho la askari wa kwanza, kwa buluu. Mkunjo mmoja ulio karibu na bega ulitoka vizuri ajabu, nikafurahi mapema mno. Chini ya hapo, mahali ambapo nguo inashuka bila kujikunja, rangi ilitafuta pa kukaa ikakosa, ikajikusanya katika vidimbwi viwili vilivyokauka vikiwa na ukingo mweusi, mfano wa alama ya chai inayobaki mezani ukiinua kikombe. Ngao ndiyo iliyoharibika zaidi. Nilijaribu kunyonya ziada kwa ncha ya brashi kavu, jambo linalosaidia ukiwahi katika dakika ya kwanza. Ukichelewa kidogo, brashi inang'oa rangi iliyoanza kukauka na kuacha kovu. Nilijaribu pia kuilainisha kwa maji, na hilo simshauri mtu, kwa kuwa maji mengi huvunja mshikamano wa rangi na madoa huongezeka. Kinachofaa ni kile kiowevu kisicho na rangi kinachouzwa kwa ajili hiyo, nacho hakikuwamo ndani ya seti.

Kero iliyoniudhi kwelikweli ilikuja nilipotaka kuchora ukingo mweupe kwenye pindo la joho. Koti la buluu lilikuwa limekauka usiku kucha, lakini rangi nyeupe yenye unyevu ilipoligusa tu, buluu ikalainika tena na kupanda juu, na mstari wangu mweupe ukageuka samawati iliyopauka. Nilirudia baada ya siku nzima, matokeo yakawa yaleyale. Karatasi ya maelekezo haikusema lolote kuhusu hilo. Dawa niliyoipata ni kupitisha koti jembamba la vanishi kabla ya kuweka chochote juu yake, na hapo ndipo muda niliokuwa nimeuokoa ulipoanza kurudi ulikotoka.

Hata hivyo, nisiidhulumu seti hii, maana kuna sehemu za mwelfi ambazo sijawahi kuzipaka vizuri hivi kwa njia nyingine yoyote. Deraya ya magamba, ambayo zamani ilikuwa ikinimalizia jioni nzima, sasa ninaipaka fedha, kisha ninaimwagia nyeusi ya seti hii iliyopunguzwa nguvu, na kila gamba linajitenga na mwenzake lenyewe. Nywele nazo zina mifereji myembamba inayofuatana, kwa hiyo rangi ya asali juu ya nyeupe inatoa nywele za dhahabu kwa mpako mmoja. Podo, mikanda, viatu na mipini ya mikuki nilivimaliza vyote kwa kahawia, nikiwapitia askari 10 kwa mkao mmoja. Uso unakubali, mradi tone liwe dogo na rangi isiachwe itwame chini ya pua, la sivyo mwelfi wako ataota masharubu.

Majoho na ngao nimeyarudisha kwenye njia ya zamani ya tabaka juu ya tabaka. Kwa kuwa jeshi langu sasa ni la nguo nyeupe zenye mapambo ya buluu, ninaanza na kijivu chepesi, ninapandisha kwa nyeupe iliyochanganywa na kijivu kidogo, tena kwa rangi nyembamba sana, na nyeupe halisi ninaiweka kwenye kingo za mikunjo peke yake. Anayeanza na nyeupe halisi hana tena pa kupanda. Brashi ninayotumia ni namba 1 yenye ncha kali. Zile za namba 000, ambazo wengi hukimbilia kwa sababu ya udogo wa uso, hubeba rangi kidogo kiasi kwamba inakauka kabla haijafika jichoni.

Kwa mpangilio huu mchanganyiko, askari mmoja ananichukua kama dakika 50, ilhali zamani alikuwa akinichukua saa moja na nusu. Ahadi ya koti moja haikutimia, ila nafuu hiyo si haba ukiwa na safu nzima inayokusubiri. Farasi watano nimewaacha mwisho. Wawili nimewapaka kahawia ya seti hii, na misuli ya mapaja imetokeza vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa shingo ya mmoja imepata doa ambalo nitalificha chini ya hatamu. Chupa ya kahawia inakaribia kwisha na ya asali imefika nusu. Ya buluu bado imejaa, na nikinunua tena nitachukua chupa mojamoja, si seti.