Uzoefu wangu: siku nzima kwenye kliniki ya moyo ya hospitali ya wanyama ya chuo kikuu

Nimewapa nyota nne. Ya tano ilipotelea njiani, nitaeleza wapi.

Mbwa wangu Kito ana miaka 10 na uzito wa kilo 7. Siku ya chanjo yake ya mwaka, daktari wetu wa siku zote alimwekea stethoskopu kifuani akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyozoea. Kisha akasema anasikia mvumo, yaani sauti isiyo ya kawaida ya damu moyoni, upande wa kushoto, na kwamba kwa mbwa wadogo wenye umri huu mara nyingi ni valvu ya moyo imechakaa na haifungi vizuri, damu inarudi nyuma. Akaniandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya kufundishia.

Nakiri nilisita. Neno "kufundishia" lilinifanya nimwone Kito amelala mezani huku kijana asiyejua kitu akijaribu bahati yake. Mambo hayaendi hivyo. Anayekupokea ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Anamsikiliza mnyama, anakuhoji wewe, halafu anakwenda kueleza kwa daktari anayesomea ubingwa, naye anakuja kupima upya. Mwisho anafika bingwa mwenyewe. Hakuna uamuzi unaotoka kwa mwanafunzi peke yake.

Ubaya wake ni kwamba maswali unaulizwa mara tatu. Anakohoa? Lini? Amewahi kuzimia? Anachoka haraka? Mara ya pili nilijibu kwa mkato. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaanza kununa, na hapo ndipo nikatamka jambo ambalo sikulisema mwanzo: Kito hukohoa zaidi anapovuta kamba ya shingoni. Bingwa aliinua macho. Akasema kikohozi cha namna hiyo huenda kinatoka kwenye koromeo la hewa, si moyoni, maana mbwa wadogo wengi wana matatizo yote mawili kwa pamoja, na ukikosea chanzo unaweza kumpa dawa ya kupunguza maji mwilini mnyama asiye na maji mapafuni. Kamba ya shingoni tukaiacha siku ileile, sasa anavaa mkanda wa kifuani. Kikohozi kimepungua sana. Tangu hapo sijalalamikia tena maswali ya kurudiwa.

Waliniomba ruhusa wanafunzi wengine wamsikilize. Walikuja 6, mmoja mmoja, na kila mmoja alitakiwa kutaja daraja la mvumo kabla ya kusikia jibu la mwenzake. Mvumo hupangwa kuanzia 1 hadi 6. Majibu yalikuwa 3, 4, 4, 3, 4, na mmoja aliyesema 5. Yule wa 5 aliambiwa aweke kiganja kifuani: je, anahisi mtetemo? Hakuhisi. Basi si 5, kwa sababu daraja la 5 ndilo linaloanza kuhisiwa kwa mkono. Hakuna aliyemcheka. Kito alifurahia mikono yote ile kuliko mimi.

Eksirei ndiyo iliyonivutia zaidi. Sikujua kwamba ukubwa wa moyo wa mbwa hupimwa kwa mifupa ya uti wa mgongo wake mwenyewe: unachukua urefu na upana wa kivuli cha moyo, unavilinganisha na pingili kuanzia ya 4 ya kifuani, unajumlisha. Njia hiyo ilitolewa na Buchanan na Bücheler mwaka 1995, na uzuri wake ni kwamba haijali kama mbwa ni mdogo au mkubwa. Mwanafunzi wetu alipata pingili 11.2. Daktari akapata 10.9. Akamrudisha ahesabu tena mbele yangu, na kosa likaonekana: alianzia pingili isiyo sahihi. Vyovyote iwavyo, zote zilipita mpaka wa 10.5, kwa hiyo moyo ulikuwa umetanuka.

Kwa picha ya ultrasaundi, Kito alilazwa ubavu kwenye meza yenye tundu, kipimo kikaingizwa kutokea chini. Hakupewa dawa ya kumtuliza. Mwanafunzi mmoja alimshika kichwa akawa anamnong'oneza muda wote, sijui alikuwa anamwambia nini, lakini kilifanya kazi. Walipima chumba cha juu cha kushoto cha moyo wakakilinganisha na mshipa mkuu: 1.7, wakati mpaka ni 1.6.

Jibu: hatua ya B2. Yaani moyo umepanuka lakini haujashindwa kazi. Akaandikiwa dawa ya moyo iitwayo pimobendani. Nilipouliza kwa nini apewe dawa mbwa anayekimbia na kula vizuri, daktari alinieleza utafiti uliochapishwa mwaka 2016, mbwa 360 katika nchi 11, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na kitu. Waliopewa dawa walichelewa kufikia moyo kushindwa, au kufa kwa ugonjwa huo, kwa takriban miezi 15. Akaongeza bila kuulizwa kwamba mtengenezaji wa dawa ndiye aliyeugharamia, na akanionyesha kwa nini hata hivyo anauamini: si mwenye mbwa wala daktari aliyejua nani anakula nini. Hilo la kuongeza bila kuulizwa lilinifanya niwaamini na mengine.

Niliuliza pia kuhusu upasuaji wa kutengeneza valvu. Upo, na daktari Masatoshi Uechi wa Japani ndiye jina linalotajwa zaidi, lakini unahitaji mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu, timu kubwa na damu ya kutosha. Kwa Kito ni mapema mno.

Nikiwa nasubiri niliona ubao wa picha za mbwa wachangiaji damu. Wengi ni wa wanafunzi na wafanyakazi wenyewe, wanaletwa asubuhi pamoja na begi la vitabu. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, na kundi lilikuwa likipita kizimba hadi kizimba. Mwanafunzi mmoja aliulizwa swali akajibu, "Sijui." Akaambiwa, "Vizuri. Kesho utatueleza." Mwingine nilimkuta kwenye benchi la korido, sandwichi mkononi, amelala kabisa. Hawa vijana wanachoka, na sidhani kama sisi wateja tunaopiga kelele mapokezini tunawasaidia.

Sasa ile nyota. Nilifika saa 2 asubuhi nikatoka saa 10 jioni, na hakuna aliyenitahadharisha kwamba itakuwa siku nzima. Makisio ya gharama nilipewa kwa maandishi mapema na hayakuzidi, hilo nawashukuru. Ila ripoti ya kwenda kwa daktari wetu ilichukua siku 9 na simu mbili. Dawa ya moyo hunywewa kila siku, mara mbili, na anayenisimamia nyumbani ni daktari wetu, si wao. Kumwacha gizani siku 9 ni uzembe. Ombeni nakala kabla ya kutoka mlangoni.

Na mjue kwamba wanafunzi hawakai. Wanazungushwa idara kila baada ya wiki chache, kwa hiyo yule uliyemzoea hutamkuta. Tuliporudi kwa uchunguzi wa pili, mnong'onezaji wetu alikuwa ameshahamia kwa ng'ombe.

Mwanafunzi mpya alianza mwanzo kabisa. Anakohoa? Lini? Safari hii nilimkabidhi daftari. Walikuwa wameniagiza nihesabu pumzi za Kito akiwa usingizini, na nipige simu zikizidi 30 kwa dakika bila kushuka. Nilikuwa nimeandika kila usiku, pamoja na usiku mmoja wa 34 ulionitoa jasho, kumbe alikuwa anaota. Akavuta kiti, akaanza kukokotoa wastani mstari kwa mstari. Alipata 22. Kisha daktari akaingia, akampa kikokotoo, akamwambia arudie.