Pentoksifilini kwa vidonda sugu vya mguu: inafaa, ila si peke yake

Kwa wagonjwa wa wodini hapa Malindi wenye kidonda cha vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) juu ya kifundo, dawa hii tunaipa alama nzuri. Kidonge ni cha miligramu 400, mara tatu kwa siku, pamoja na chakula, na humezwa kizima. Ukikivunja, dawa yote hutoka kwa mkupuo, na kichefuchefu huzidi. Mgonjwa akianza kuficha vidonge chini ya mto, mara nyingi tumbo ndilo sababu, muulizeni mapema.

Dawa hulainisha chembe nyekundu za damu zipenye kwenye mishipa midogo. Lakini kazi kubwa ni ya bendeji ya kubana, kuanzia mizizi ya vidole hadi chini ya goti, kwa shinikizo la takriban milimita 40 za zebaki pale kifundoni. Kabla ya kufunga, pimeni presha ya kifundo na ya mkono: ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikawa chini ya 0.8, msibane hivyo, mguu unaweza kuoza. Joto la kaskazi nalo huilowesha bendeji kwa jasho ikateremka. Ikijikunja kama kamba, inakata ngozi.

Kinachotuudhi ni antibayotiki kuandikiwa kila kidonda chenye harufu. Bila wekundu unaosambaa, maumivu yanayozidi au homa, haziharakishi kupona. Kunyunyiza unga wa kapsuli za antibayotiki kidondani ndiko kubaya zaidi: unaganda, na ngozi ya pembeni inachubuka.

Anayetumia pentoksifilini pamoja na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe damu mara nyingi zaidi. Aliyevuja damu ubongoni karibuni asipewe pentoksifilini kabisa.