Tenkara Mto Thego: uzoefu wangu na fimbo isiyo na rili

Niseme mapema mimi si mgeni wa flai, zile ndoano zilizofungwa nyoya kuiga mdudu. Navua samaki wa trauti tangu 1996, baba alikuwa anafanya kazi kwenye kambi moja ya wavuvi upande wa Aberdare na mimi nilikuwa yule mtoto wa kubebea wageni neti na chai ya chupa, rodi (fimbo ya kuvulia) yangu ya kwanza niliachiwa na mgeni baada ya ncha kuvunjika nikaiunga na uzi na supaglu. Sasa binamu yangu anayeishi Minnesota alipokuja Desemba na kuniletea kitu kinaitwa tenkara nilimwangalia tu usoni. Fimbo. Haina rili, kile kigurudumu cha kukunjia laini, haina hata zile ringi za kupitishia laini.

"Hii si ufito wa watoto wa mtoni? Dola 140 kwa ufito?"

"We jaribu kaka, alafu tutaongea."

Nikaiweka juu ya kabati. Ilikaa hapo hadi katikati ya Januari, na hata siku niliyoitoa nilibeba na rodi yangu ya kawaida, ile ya laini namba 4, futi saba na nusu, juu sikutaka kupoteza Jumamosi nzima kwa mchezo.

Kwa wasiojua, ni fimbo ya kaboni inayovutika kama eriali ya redio ya zamani. Ikifungwa ni kama nusu mita, inaingia hata kwa begi la shule, ukiivuta yote inafika mita 3.6 na uzito wake ni gramu sabini na kitu, yaani simu yako ni nzito kuliko hiyo fimbo. Kwenye ncha kuna kikamba chekundu kama cha kiatu, ndio unafungia laini hapo na kitanzi, laini yenyewe ni ya flurokaboni, mimi natumia unene namba 3.5, urefu sawa na fimbo, kisha mita moja hivi ya tipeti, ule uzi mwembamba wa mwisho, unene wa 5X, kisha flai. Basi. Hakuna kingine. Ni uvuvi wa mito midogo ya milimani huko Japani, watu walikuwa wanavua iwana na yamame, samaki wa jamii ya trauti, wanauzia nyumba za wageni, huku nje ilianza kujulikana vizuri baada ya 2009 Daniel Galhardo alipofungua Tenkara USA. Hiyo yangu si ya kampuni yake, ni ya wengine, na jina lao sitalitaja mtaona kwa nini.

Flai zake ndizo zilinichekesha zaidi. Zinaitwa kebari, na ile maarufu nyoya zake zimeangalia mbele, kuelekea kwa jicho la ndoano, kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Sisi tuna bahati hapa Kenya, mafundi wetu wanafunga flai zinazouzwa Ulaya na Marekani miaka mingi, kwa hivyo nilimtumia fundi mmoja wa Nairobi picha nikamwambia anifungie kumi na mbili. Akanipigia. "Boss, hii picha nyoya zimerudi mbele, huyu alikosea, nikurekebishie?" Nikamwambia hapana, fuata hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, ni pesa yako.

Sasa Thego, mto unaoshuka kutoka Mlima Kenya. Nilianzia pale mashamba yanaishia msitu unaanza, maji baridi ya kuuma mifupa, gambuti zangu moja inavuja. Nusu saa ya kwanza ni aibu tupu. Nilikuwa narusha kama nimeshika rodi yangu, kwa nguvu, na laini ya hii kitu haina uzito kabisa, ukitumia nguvu inakurudia kifuani. Unatakiwa ushike kidole cha shahada juu ya mpini, uinue, usimamishe fimbo ikiwa imesimama wima, alafu uipeleke mbele taratibu kama mtu anagonga mlango wa jirani usiku. Mara tatu nilinasa kwenye matawi nyuma, mara moja kwenye kofia yangu. Na kulikuwa na kijana ng'ambo ya mto, darasa la saba hivi, ana ufito wake wa mwanzi na nailoni na kwenye ndoano yake sitasema kulikuwa na nini juu marenja pia wana simu. Alinitazama sana. Mwishowe akauliza kwa heshima zote:

"Mzee, kwani rili yako iliibiwa?"

Sikumjibu. Alikuwa na samaki wawili kwenye kamba tayari.

Nikapanda juu kidogo mahali mto unapita katikati ya mawe makubwa, mnajua zile sehemu, jiwe, povu, kidimbwi saizi ya karai, jiwe tena. Hapo kuna jiwe moja nalijua miaka, nyuma yake kuna maji yametulia na lazima kuna samaki, na mara nyingi sana sijampata. Shida ni kwamba kati yako na hicho kidimbwi kuna mkondo wa kasi, ukirusha laini ya kawaida ambayo ni nene na nzito inalala juu ya mkondo, mkondo unaishika unaivuta, flai inatoka mbio kwenye kidimbwi kabla hata samaki hajageuka. Unajaribu kuitupa laini juu upande wa pili, unapata sekunde moja, labda mbili. Nilikuwa nimekubali kwamba huo ndio mto.

Na tenkara nilisimama karibu, nikarusha, nikainua mkono. Laini yote ikabaki hewani, yote, kutoka kwa ncha hadi karibu na maji, tipeti kidogo tu na flai ndio ziligusa. Mkondo ukapita chini yake bila kuwa na kitu cha kushika. Flai ikakaa. Nilihesabu, moja, mbili, tatu, nne, zile nyoya zilizogeuzwa zikawa zinafunguka na kufunga kidogo nikitikisa mkono, kama kitu kinahema. Tano. Alafu laini ikasimama kwa namna isiyo ya kawaida, haikuvutwa, ilisimama tu, nikainua.

Mkono wangu wa kushoto ukaenda kutafuta rili. Ukakamata hewa. Miaka karibu thelathini ya mazoea, mkono unajiendea wenyewe, na samaki anazunguka kidimbwi na mimi nimesimama napapasa hewa na vidole kama mpiga gitaa asiye na gitaa. Nikakumbuka binamu aliniambia rudisha fimbo nyuma ya bega, samaki atakuja mwenyewe, shika laini na mkono. Nikashika. Trauti wa madoa mekundu, sentimita 25 hivi, si mkubwa, lakini huyo ni mpangaji wa lile jiwe niliyekuwa namkosa kila mwaka. Nikamtoa ndoano ndani ya maji akaenda zake.

Nilitoa samaki tisa siku hiyo kwa masaa manne, sehemu ambayo kwa kawaida napata watatu au wanne. Rodi yangu namba 4 haikutoka kwa mfuko. Na kilichoniuma si idadi, kilichoniuma ni kufikiria miaka yote nimekuwa naburuta flai mbele ya samaki na kusema leo hawali.

Lakini ngoja, msikimbilie kununua.

Februari nilienda nayo Gura. Gura ni mto mwingine kabisa, wa Aberdare, una hasira, na ndiko trauti walikoanzia hapa kwetu, mayai yaliyoletwa na Ewart Grogan kutoka Loch Leven kule Scotland mwaka 1905. Asubuhi ilikuwa sawa, wadogo wadogo pembeni. Saa sita hivi kwenye dimbwi refu akashika mmoja ambaye sikumwona ila nilimsikia mkononi, akageuka akafuata mkondo chini. Na hapo ndio unaelewa rili iliwekwa kwa sababu. Huna laini ya kumwachia. Una mita nane hivi ukihesabu fimbo na kila kitu, zikiisha ni wewe umfuate au mkatane. Nilimfuata, gambuti, mawe yenye utelezi, hatua nne tu, nikakaa ndani ya maji hadi kifuani na tipeti ikakatika. Watu wanasema funga tipeti nene zaidi, wasikudanganye, ukizidisha hiyo 5X kitakachokatika ni fimbo.

Ziwani usijaribu. Nilienda Ziwa Ellis, Mlima Kenya upande wa Chogoria, upepo wa mlima ukawa unarudisha laini juu ya mkate wangu, samaki wanaruka mita ishirini mbele yangu wananiona. Nikatoa rodi ya kawaida baada ya dakika kumi na tano. Na msituni pia mita 3.6 ni ndefu mno, pale juu kwenye mianzi huna pa kuinulia, na kama kuna alama za nyati njiani hutaki kuwa unahangaika kukunja eriali.

Ambapo inanileta kwa kukunja. Vipande vya hii fimbo vinaingiana, na ukivivuta kwa nguvu sana au mchanga ukiingia havirudi. Siku ya tatu Thego kipande cha tatu kilikataa kabisa. Mimi huku, renja upande ule, tunavutana kama watu wanakamua shuka, hakiendi. Ilibidi nitoke msituni na fimbo ya mita mbili na nusu nje ya dirisha la probox. Nyumbani mke wangu akasema si uiache ikauke, nikaiacha jikoni karibu na jiko, asubuhi kikaingia chenyewe kwa kidole. Kile kifuniko kidogo cha mbele nacho kilienda na maji siku ya kwanza, natumia kizibo cha chupa nilichochonga na kisu na kinashika vizuri kuliko kile cha kwao.

Ncha yenyewe ilivunjika Machi, na hiyo ni makosa yangu, flai ilinasa kwa mti nikaivuta na fimbo badala ya kushika laini na mkono. Unashika LAINI, sio fimbo, nawaandikia kwa herufi kubwa mjue. Lakini duka lililouza wakachukua wiki tatu kujibu, alafu wananidai dola 30 za kusafirisha kipande chembamba kama njiti ya kibiriti, kipande chenyewe ni dola 11. Nimelipa. Bado nangoja.

Sasa mvua imeanza mito imekuwa rangi ya chai ya maziwa ndio nimepata muda wa kuandika. Ukivua mito midogo yenye mawe, Thego, Naro Moru, Burguret, zile za kuruka jiwe hadi jiwe, kwangu tenkara imeshinda rodi ya kawaida na sikutarajia kusema hivyo. Mtoto au mtu anayeanza atavua siku ya kwanza, nimejaribu na mpwa wangu wa miaka tisa, dakika ishirini alikuwa na samaki, rodi ya kawaida ilinichukua mimi mwaka mzima kuacha kujichoma sikio. Ukivua mito mikubwa, mabwawa au maziwa baki na rili yako.

Yule kijana wa ng'ambo nilimpa mita nne za laini na kebari mbili, akafunga kwa ufito wake wa mwanzi. Nilipomkuta tena alikuwa ameishiwa flai, ananiuliza kama nina zingine za "mwavuli", na nikamwona akirusha vizuri kunishinda.

Kama kuna mtu hapa nchini ana fimbo ya mita 3 au pungufu, ile ngumu kidogo ya 7:3 (inayopinda karibu na ncha tu), anauza, anitumie bei. Ya shilingi, sio ya dola.